Nyumba ya Bi Zuwena Siku ya Fainali

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nasema mapema, asije mtu na gari la vioo vyeusi kuniuliza iko wapi. Haipo, haijawahi kuwapo, na watu wake ambao nimeishi nao ukuta kwa ukuta miaka sabini na moja nao pia hawapo. Jina lake ni Jamhuri ya Shangilia.

Ni nchi nzuri, sitaki kuisema vibaya. Barabara zinazinduliwa kila mwaka, zile zile. Mvua ikichelewa inaandikiwa barua ya onyo. Zamani tulikuwa na madalali wa nyumba, watu wenye viatu vya vumbi na simu tatu tatu, na kila mtu alikuwa akiwalalamikia kwamba ni waongo. Serikali ikasikia kilio chetu. Ikawakusanya madalali wote, ikawavalisha sare, wakawa maafisa. Tangu siku hiyo hatujamsikia dalali mwongo hata mmoja, maana kumwita afisa mwongo ni kosa la miezi sita.

Dalali mkubwa kuliko wote, aliyekuwa na simu tano, ndiye akawa Mheshimiwa Mapambio, Kamishna wa Milango na Madirisha. Na kazi ya kwanza aliyoifanya Mheshimiwa ni kutunga kanuni.

Kanuni ilisema hivi. Mtu akitaka kuuza nyumba, lazima kwanza aiweke wazi siku moja nzima, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Itazamwe na wananchi wasiopungua mia moja, wapite vyumba vyote, watie saini kwenye daftari na waandike maoni. Na miongoni mwao awemo walau mtu mmoja wa jukwaa kuu, yaani mtu ambaye akienda uwanjani hukalia kiti chenye mto.

"Macho ya mwananchi yanaona ukuta," Mheshimiwa alitufafanulia kwenye mkutano. "Macho ya kiongozi yanaona nyumba."

Tukapiga makofi. Sikuelewa, lakini nilipiga.

Nyumba ikikosa macho hayo, inahesabiwa kwamba haikupendwa. Na serikali, kwa vile ina huruma, inaichukua nyumba isiyopendwa ikailee. Mwenye nyumba hatoki mikono mitupu, anapewa barua ya shukrani yenye muhuri. Mtaani kwetu nyumba tatu zilikuwa tayari zinalelewa. Moja alikaa shemeji wa Mheshimiwa akisaidia kulea. Ya pili walikaa bata wa Mheshimiwa. Ya tatu ilikuwa imefungwa, inalelewa kimya kimya.

*

Sasa jirani yangu Bi Zuwena alitaka kuuza. Ni mjane, magoti yamechoka, na mdogo wake wa kike anayekaa milimani alimwandikia aende wakazeekee pamoja, wagombane wakiwa karibu. Mnunuzi alikuwapo. Nesi Pulkeria, mkunga, alikuwa mpangaji wa chumba cha uani mwaka wa tisa huo. Alitaka nyumba ile ili vile vyumba vya mbele wawe wanakaa kina mama wajawazito wanaotoka mbali, wasubirie siku zao karibu na zahanati badala ya kujifungulia njiani. Walikuwa wamekubaliana, wameshikana mikono, wamekunywa chai. Imebaki serikali tu.

Nikamsindikiza Bi Zuwena ofisini kuomba siku yake ya kutazamwa. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyetupokea, jambo lililotushangaza, kwani kwa kawaida mtu hupokelewa na kiti. Alipoambiwa ni ile nyumba namba saba, hatua mia mbili kutoka Uwanja wa Taifa, akatabasamu kama mtu aliyeletewa pilau.

"Namba saba naijua," akasema. "Uwanja wake ni mpana. Magari mawili yanalala pale bila kugusana."

"Mimi sina gari, Mheshimiwa," Bi Zuwena akajibu.

"Najua, mama. Najua." Akafungua shajara yake kubwa, akalamba kidole, akapita kurasa tupu moja baada ya nyingine. "Tumebanwa sana. Imebaki nafasi moja tu. Jumamosi ya wiki ijayo."

"Mheshimiwa, Jumamosi hiyo si ndiyo Fainali?" Bi Zuwena akauliza.

"Mama," akasema, akasimama kabisa na kufunga kifungo cha koti, "sheria haichezi mpira."

Hapa niwaeleze. Timu yetu ya taifa inaitwa Kakakuona. Tuliipa jina hilo kwa sababu ya namna inavyocheza, ikishambuliwa inajikunja. Kwa kujikunja huko ilifika fainali, mara ya kwanza tangu nchi izaliwe. Basi ikatoka amri kwamba Jumamosi kila raia awe mbele ya televisheni tangu asubuhi, kwanza kutazama nyasi za uwanja, halafu kutazama watu wanaotazama nyasi, mpaka mpira uanze saa tisa. Atakayeonekana njiani aulizwe anakokwenda. Walioruhusiwa kutembea ni wa aina tatu tu, wagonjwa, wanaojifungua na wanaokwenda msibani. Hao serikali ilishindwa nao. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi, akakosa uchaguzi, akakosa hata kesi yake mwenyewe, lakini msiba haukosi, maana wapo kina mama wenye vichwa vya daftari wanaokumbuka nani alikuja, nani hakuja, na nani alikuja akaondoka kabla ya chakula.

Na watu wa jukwaa kuu wote, kuanzia mawaziri hadi mabalozi wa nyumba kumi waliopendekezwa, walikuwa wametumiwa kadi za dhahabu. Wote wangekuwa wamekaa kwenye mito yao.

Tulipotoka nje Bi Zuwena akaniuliza, "Shoga, sasa nani atakuja kwangu?"

Nikamwambia, "Mimi nitakuja."

"Wewe unakaa hapo hapo."

"Basi sitachelewa."

*

Jumamosi asubuhi Ofisi ya Milango ilileta vifaa vya kanuni. Kanuni inataka kivuli cha watazamaji, viti hamsini, meza moja na daftari moja jeusi. Kivuli chenyewe lilikuwa turubai la kijani lililolegea katikati, ubavuni limeandikwa Chama cha Kufa na Kuzikana, Mtaa wa Pili. Ofisi ililiazima miaka sita iliyopita. Lilifungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki vikapangwa safu safu, na meza ikawekwa karibu na mlango. Mezani akakaa karani Bahatisha, kijana wa watu mwenye tai fupi, aliyeelekezwa mambo mawili tu, ahesabu na asiulize.

Saa tatu kamili nikaingia, nikapita vyumba vyote vitatu, jikoni na chooni, nikatoka. Nikatia saini. Kwenye maoni nikaandika, "Nzuri, ila bomba la chooni linalia."

Nesi Pulkeria naye akataka kutia saini. Bahatisha akafungua kanuni, akasoma, akatikisa kichwa. "Samahani dada. Mnunuzi haruhusiwi kuitazama nyumba. Ana masilahi."

Ikapiga saa nne. Saa tano. Saa sita. Mtaa mzima kimya, televisheni zinavuma ndani kama nyuki. Saa saba daftari lilikuwa na jina moja, langu.

Bi Zuwena akachoka kusimama. Akatandika mkeka chini ya turubai, akakaa, akanyoosha miguu yake mibovu. Jua lilikuwa kali, akajitanda kanga kichwani. Akashika tama. Na katika kuitazama nyumba aliyojenga na marehemu mumewe tofali kwa tofali, machozi yakamtoka. Nesi Pulkeria akakaa pembeni yake, akamshika bega, naye akaanza kulia.

Hapo ndipo akapita Makorere, fundi baiskeli, anakimbia kwenda kutazama mpira kwa kaka yake, amevaa jezi ya Kakakuona. Akatupa jicho. Akaona turubai. Akaona viti. Akaona daftari mezani, na mwanamke mtu mzima mkekani analia.

Akasimama kama aliyegonga ukuta. Akavua jezi, akaigeuza nje ndani, akaivaa tena. Akaja akijivuta.

"Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu," Bi Zuwena akajibu, maana mtu akikupa pole unaitikia.

"Imekuwa lini?"

"Tangu saa tatu asubuhi ndio tuko hapa."

"Ndiyo mapenzi ya Mungu, mama."

"Si Mungu, baba. Ni Ofisi ya Milango."

Makorere akanigeukia, akaninong'oneza, "Masikini, uchungu umempanda kichwani."

Akaenda mezani, akatia saini. Kwenye maoni akaandika, "Tulimpenda sana."

*

Mimi ni mtu wa heshima zangu na uongo siupendi. Uongo sikusema hata mmoja siku ile, na Bahatisha ni shahidi. Nilikwenda tu kwangu, nikatoa lile sufuria langu kubwa la shughuli, nikaweka mafiga matatu pembeni ya turubai, nikawasha moto na kuchemsha maji. Hakuna kanuni inayomkataza mtu kuchemsha maji. Halafu nikamwambia Makorere, "Baba, ukikutana na wenzio waambie tuko hapa." Na kweli tulikuwa hapo.

Haikupita nusu saa. Walianza kuja wawili wawili, kina mama na kanga zao, wanaume na jezi za ndani nje. Askari aliyewasimamisha njiani aliwauliza wanakwenda wapi, walipomjibu alivua kofia akawafuata. Mwingine alikuja na mkungu wa ndizi, mwingine na kuni. Walipofika mezani Bahatisha aliwaambia kama kanuni inavyotaka, "Piteni ndani kwanza, vyumba vyote, kisha mrudi mtie saini."

"Amelazwa chumba gani?" mmoja akaninong'oneza.

"Nyie piteni vyote," nikasema.

Basi wakapanga mstari. Wakaingia mlango wa mbele vichwa chini, wakachungulia chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, wakapita jikoni, wakatokea uani wakifuta macho. Nikawa nimesimama karibu na karo la kuoshea vyombo, nawasikia kina mama wawili.

"Umemuona?"

"Nimemuona, shoga. Kama kalala."

"Mie nimemuona kapungua sana."

"Maradhi hayo. Si aliugua muda mrefu?"

"Muda mrefu mno. Tena alikuwa hasemi."

Kwenye chumba cha tatu palikuwa na kitanda, mto na shuka iliyokunjwa. Lakini kila aliyeingia alimuona, na aliyetoka mapema alimuona vizuri zaidi. Kuuliza ni nani aliyefariki ilikuwa aibu, maana ungeonekana hukuwa karibu na familia. Kwa hiyo kila mmoja alijichagulia wake. Wazee walimlilia mume wa Bi Zuwena, waliyemzika wenyewe miaka kumi na moja iliyopita. Wengine walimlilia Nesi Pulkeria, huku wakipokea chai mikononi mwake na kumwambia asante.

Saa tisa mpira ukaanza. Wanaume waliokaa kwenye viti walikuwa na vijiredio mifukoni na waya masikioni chini ya kofia. Redio ya taifa hairuhusiwi kutangaza habari mbaya, kwa hiyo dakika ya kumi na nane mtangazaji alisema, "Wageni wetu wamefurahi kwa mara ya kwanza."

"Uuuwi!" wakalia wanaume hamsini kwa pamoja.

Kina mama ndani ya nyumba, waliposikia wanaume wanalia, wakajua sasa mambo ni mazito, wakapokea kwa sauti ya juu zaidi. Kilio kikavuka mtaa. Wale waliokuwa bado na televisheni zao wakazizima, wakaja mbio. Dakika ya thelathini wageni wakafurahi mara ya pili. Mstari ukafika hadi kwa muuza mkaa, mwisho wa mtaa.

*

Saa kumi na robo Bahatisha akaniita mezani. Daftari lilikuwa limevimba.

"Mama, wananchi ni mia mbili na kumi na wanne. Wametosha na kupita. Ila…" akapunguza sauti, "wa jukwaa kuu sina hata mmoja. Bila huyo nyumba haikupendwa. Saa kumi na mbili nafunga."

Nikampelekea Bi Zuwena habari hizo. Alikuwa amepata nguvu kidogo, amekula ndizi mbili za msibani. Akaiweka ya tatu chini.

"Kumbe wamekuja wote kwangu," akasema, "na bado naondoka na barua ya shukrani."

Watu wote wenye vyeo walikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale, tulikuwa tunaziona bendera zao, lakini kati yetu na wao palikuwa na mito. Elimu yangu ya darasa la saba ilifika hapo ikasimama. Nikaongeza maji kwenye sufuria.

Aliyetuokoa ni golikipa wetu. Dakika ya sabini alijikunja, na wageni wakafurahi mara ya nne.

Nimesimuliwa na mhudumu aliyekuwa akigawa soda kwenye jukwaa kuu. Anasema baada ya bao hilo Rais aligeuka nyuma taratibu kutazama nani aliyemshauri kuja, na palepale watu wengi walianza kukumbuka miadi. Waziri mmoja alikumbuka jino. Mheshimiwa Mapambio ndiye alikuwa hana cha kukumbuka, mpaka msaidizi wake alipomnong'oneza, "Mheshimiwa, hapo jirani kuna msiba mkubwa. Watu mia mbili na zaidi, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyekwenda kuzungumza."

"Mia mbili?" Mheshimiwa akasema, tayari amesimama. "Bila hotuba? Nchi imefika wapi!"

Akaja na magari manne kwa mwendo wa hatua mia mbili. Watu wakampisha. Hakuitambua nyumba. Siku zote alikuwa akiitazama kwa nyuma, kupitia kioo cha gari, akipima uwanja.

Bahatisha akainuka akakakamaa. "Mheshimiwa, vyumba vyote kwanza, kisha saini."

"Natambua taratibu, kijana," Mheshimiwa akasema.

Mimi ndiye niliyemshikia pazia. Alipita chumba cha kwanza na cha pili akitikisa kichwa. Cha tatu akavua miwani, akainama mbele ya mto, akatulia kidogo. Alipotoka alikuwa na leso usoni. Akachukua kalamu, akatia saini yake ndefu yenye mikia, na kwenye maoni akaandika kwa herufi kubwa, "NIMEMUONA. TAIFA LIMEPOTEZA."

Kisha akahutubia. Nakumbuka maneno yake, kwani niliwahi kuyasikia kwenye misiba mingine mitano.

"Ndugu wafiwa! Marehemu, ambaye sina haja ya kumtaja jina maana anajulikana, alikuwa mtu wa watu. Mimi binafsi nilikuwa naye juzi. Tulicheka. Aliniambia, Mapambio, usichoke kuwatumikia hawa. Nami leo, mbele ya mwili wake niliouona kwa macho yangu haya mawili, naahidi sitachoka!"

Watu wakalia sana. Redio ilikuwa imetangaza furaha ya tano.

*

Saa kumi na mbili kamili Bahatisha akapiga filimbi, akafunga daftari, akasimama juu ya kiti na kusoma kwa sauti, kama kanuni inavyoagiza.

"Kwa mujibu wa Kanuni ya Milango na Madirisha, nyumba namba saba, mali ya Bi Zuwena binti Shomvi, leo imetazamwa na wananchi mia mbili thelathini na moja, na mtu mmoja wa jukwaa kuu. Nyumba imependwa. Mwenyewe yuko huru kumuuzia amtakaye."

"Imetazamwa?" Mheshimiwa akauliza. "Nyumba gani imetazamwa?"

"Hii, Mheshimiwa," Bi Zuwena akasema kutoka mkekani. "Si ulinipangia mwenyewe? Ukaniambia sheria haichezi mpira."

Mheshimiwa akaitazama nyumba kwa mbele, kwa mara ya kwanza. Akaona namba saba juu ya mlango. Akaliona turubai la ofisi yake, viti vya ofisi yake, karani wa ofisi yake. Uso ukaanza kubadilika rangi.

"Ina maana hapa hakuna msiba? Hakuna maiti?" akanguruma. "Basi daftari hili ni batili! Hawa wote wamesaini uongo!"

Watu mia mbili thelathini na moja wakatazamana. Ilikuwa hatari, nawaambia. Lakini yule mama aliyemuona marehemu kapungua akasimama, mikono kiunoni.

"Uongo wa nani? Mimi nimemuona!"

"Hata mimi," akadakia mwenzake. "Kama kalala."

"Tumemuona wote!" wakapokea wanaume, maana nani angekubali mbele ya mkewe kwamba ameacha fainali akaenda kulilia mto?

Bahatisha akalifungua tena daftari polepole, ukurasa wa mwisho, akamsogezea Mheshimiwa. Kijana aliambiwa asiulize, na kweli hakuuliza. Alionyesha tu kwa kidole. NIMEMUONA. TAIFA LIMEPOTEZA. Mwandishi wa gazeti la serikali aliyekuja na msafara akainua kamera.

Mheshimiwa akatazama kamera. Akatazama daftari. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga.

*

Kesho yake gazeti lilikuwa na habari mbili. Ya kwanza ilisema Kakakuona wameshika nafasi ya pili katika fainali. Ya pili ilisema Kamishna ameongoza mamia kumuaga mpendwa wetu.

Bi Zuwena yuko milimani, anagombana na mdogo wake vizuri kabisa. Nesi Pulkeria ameweka vitanda sita kwenye vyumba vya mbele, na kile chumba cha tatu, alicholazwa yule marehemu, ndicho wanachokipenda sana kina mama, wanasema kina upepo. Mpaka sasa watoto kumi na tisa waliosubiriwa humo wamezaliwa salama, na mmoja ameitwa Fainali.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka sokoni na kikapu changu, gari la vioo vyeusi likasimama pembeni yangu. Nikasema leo ndio leo. Kioo kikashuka nusu. Ni Mheshimiwa Mapambio, peke yake, bila dereva. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mama," akaninong'oneza, "tuambiane ukweli, mimi na wewe tu. Yule wa siku ile… alikuwa nani?"

"Kwani Mheshimiwa hukumuona?"

Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi.

"Nilimuona," akasema, akapandisha kioo.